Usipike

Kopo lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya taa ya chemli,
kopo la mafuta ya kupikia, kifuniko kimeshika kutu,
na juu yake karatasi, mwandiko wa Wamaitha:
USIPIKE.
Neno moja. Hata tafadhali hakuandika.
Nikacheka peke yangu jikoni, kisha nikakaa chini.

Njahi ishirini na mbili, nyeusi,
kila moja na mstari mweupe ubavuni
kama jicho lililofumbwa nusu.
Pwani huziita fiwi. Hapa Jericho ni njahi,
chakula cha mzazi, cha kuita maziwa.
Na Wakonyo alikuwa amerudi nyumbani mwezi wa pili
na sanduku moja, na tumbo,
na jibu fupi kwa swali ambalo sikuuliza.

Nikahesabu kwa vidole, mimi karani mstaafu wa reli:
mvua za Machi, miezi minne ya njahi,
minne na nusu ya mtoto.
Zitamwahi.

Nikalima kipande kati ya bafu na kamba ya nguo,
hatua saba kwa nne,
udongo mweusi unaong'ang'ania jembe kama mdai.
Nikatoa vifuniko vya soda, betri, mguu wa mwanasesere,
nikapanda.
Mvua ikakawia siku kumi na moja,
ikaja usiku wa Jumapili kwa hasira ya mtu aliyechelewa,
ikang'oa mabati kwa kina Musembi
na kuniachia miche tisa.

Tisa. Nikaielekeza kwenye nguzo ya antena,
ambayo haijanasa kitu tangu televisheni zihamie dijitali.
Juni ikanasa majani.
Julai ikanasa maua ya zambarau,
na Mama Musembi akachungulia ukutani kuuliza
siku hizi tunaona stesheni gani.

Lakini maua hayapikwi.
Mtoto alikuja tarehe tatu, wiki tatu mbele ya hesabu zangu,
alfajiri ya ile baridi ya Nairobi inayopita chini ya mlango
kama jamaa asiyebisha hodi.
Msichana, wakaniambia Pumwani, kilo mbili na nusu.
Nikatoka pale hadi Marikiti moja kwa moja,
nikapimiwa njahi za watu.

Nilizichemsha usiku. Maji ya kwanza, meusi, nikamwaga.
Ya pili nikamwaga, kama nilivyoona ikifanywa
miaka thelathini, bila kujua kwamba natazama.
Ndizi mbivu ndani, nikaponda, nikaunguza kidogo.
Wakonyo akaonja. "Ni za shambani?"
"Ni za shambani," nikasema,
maana hakuna njahi isiyo na shamba lake.
Akatazama dirishani, antena imejaa maua matupu.
Akaendelea kula.
"Mama asingeunguza," akasema.
Halafu akasukuma sahani: "Ongeza."

Jina hatukulijadili. Aliandika Wamaitha
kwenye kadi ya kliniki; kalamu ikakauka katikati,
akaisugua kiganjani, akamalizia.

Zetu zilikomaa Septemba, bila kuomba radhi.
Nikazianika juu ya gunia, maganda yakapasuka juani
tak, tak, na paka wa jirani akaruka.
Sufuria moja. Miezi sita kwa sufuria moja!
Lakini zilikuwa na ule uchungu mdogo wa mwisho,
unaokuja ukishameza,
ambao njahi za gunia huwa zimeusahau njiani.
Tulikula hatusemi. Mtoto naye alikuwa kazini,
jasho puani, kisigino kikipiga meza,
akizila zilezile kwa njia yake.

Kabla ya kupika nilikuwa nimetenga ishirini na mbili.
Sikupanga; mkono wa karani huhesabu wenyewe.
Ziko koponi, juu ya kabati.
Karatasi sijaibadilisha.
Herufi ya mwisho imeliwa na kutu,
na bado inaamrisha.